Chaki Yangu Milangoni

Wakati ule wa vita nilitumwa na kituo cha afya kupita nyumba kwa nyumba, vilimani juu ya mji wa Baraka, kando ya ziwa, kutafuta waliokuwa wakikohoa zaidi ya majuma matatu. Ilikuwa kazi ya serikali. Serikali gani, usiniulize, maana tulikuwa nazo mbili. Nilipewa vikopo vya makohozi na kipande cha chaki. Nyumba niliyoimaliza niliitia alama mlangoni, kama siku za chanjo. Nilikuwa na kiherehere cha kazi, nakiri.

Siku ya kwanza nilimalizia kwa mama mdogo, aliyenilea. Alikohoa damu, akaifukia haraka kwa kidole cha mguu.

"Mama mudogo, kesho asubui, mbele ya kula, ukohoe humu."

"Na ile unaandika ku mulango ni ya nini?"

"Ni ya kazi tu."

"Bale bengine nabo balisemaka ni kazi tu."

Nilicheka. Mjinga mimi.

Kesho yake nilirudi jua limeshapanda. Hakuna jogoo wala mtoto aliyesikika. Kwenye jiko la kwanza ugali ulikuwa bado na joto, mwiko umesimama ndani yake. Nilipiga hodi, kimya. Nyumba ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Nilipofika nyumba ambazo sikuzifikia jana, niliona macho kwenye nyufa za kuta. Huko watu walikuwemo. Zilizohamwa ni zile zenye alama yangu.

"Usitukaribie na ile chaki," mzee mmoja alisema kutoka ndani. "Benye bunduki banaandikaka mulango, kiisha banakuya kuua. Benye alama balishuka ku ziwa."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi mzaliwa wa pale nilisahau hilo.

Kwa mama mdogo mlango ulikuwa wazi, kitanda kitupu. Kizingitini palikuwa na kikopo, kifuniko kimekazwa vizuri. Alikuwa amekohoa kwanza, kama nilivyomwagiza, ndipo akakimbia. Nilikaa chini nikalia.

Nilikipeleka kikopo kituoni; hadubini ilionyesha kifua kikuu. Mwuguzi alipanga dawa zake zote mezani, akaniuliza, "Mugonjwa iko wapi, tumuanzishe leo?"

"Iko Tanzania, ao mu maji, sijue," nilimjibu. "Ni mi nilimufukuza."