Vumbi Laini la Safari ya Mlimani

Mwanzoni mwa Septemba mvua ya Birmingham hunyesha kama mgeni asiye na hakika kama amealikwa. Juzi nilikuwa ndani ya basi nikitoka Kings Heath, na mzee mmoja Mwingereza akaketi mbele yangu amevaa koti la turubai lililopakwa nta. Lilikuwa limelowa. Joto la basi lilipolipata, harufu yake ikanifikia: nta, mafuta, na kitambaa kizito kilichowahi kukaa karibu na moto. Nilipitishwa kituo changu bila kujua. Nilishuka mbali na nyumbani, nikarudi kwa miguu taratibu huku nikimkumbuka baba. Mniwie radhi mnaosoma haya. Mtu wa umri wangu husafirishwa na pua yake.

Tuliishi Isiolo, mji wa vumbi na ngamia upande wa kaskazini wa Mlima Kenya. Baba yangu, Hirsi, alikuwa nyapara wa safari za uwindaji. Wazungu wenye leseni walikuja na bunduki zao kuwinda nyati katika misitu ya mlimani, na yeye ndiye aliyesimamia kambi, chakula na wapagazi. Tena alikuwa mchinjaji. Nyati alipoanguka, baba alikimbia na kisu chake ili amwahi kabla roho haijatoka, alitaje jina la Mwenyezi Mungu, na Waislamu waliokuwa safarini wapate kula. Wenzake walisema hawajamwona mtu mwingine mwenye akili timamu akimkimbilia nyati badala ya kumkimbia.

Mama alikuwa amefariki. Mimi nilikuwa mtoto pekee, na baba alipokuwa safarini nililelewa na dada yake, Shangazi Halima, mwanamke mwema mwenye maneno makali.

Alfajiri mlima ulionekana kutoka uani kwetu, kilele chake cheupe kama kipande cha chumvi. Tulipomaliza chai ulikuwa umekwisha kumezwa na mawingu, na hakuna aliyejua kinachoendelea humo. Baba alisema Septemba ndiyo yenye vituko: asubuhi jua, mchana ukungu, alasiri mvua ya mawe. Msimu uliotangulia, mpagazi mmoja alilala ndani ya blanketi lililolowa na hakuamka tena. Baba alimsimulia shangazi habari hiyo nami nikiwa pale pale nachambua mchele. Wakubwa husahau kwamba mikono ya mtoto ikishughulika masikio yake hayana kazi. Tangu siku hiyo, nikisikia neno mlima tu, nilimtafuta baba kwa macho. Mama nilikwisha kumkosa. Nilimtaka baba arudi.

Kwa hiyo aliponiita nimsaidie kujiandaa, niliifanya kazi hiyo kama mtu anayejenga boma kuzuia simba.

Tulitandaza turubai la hema uani. Baba aliyeyusha nta ya nyuki pamoja na mafuta ya mkia wa kondoo, nasi tukalisugua turubai kwa matambara mpaka maji yakidondoshwa juu yake yanabingirika. Buti zilipakwa mafuta hayo hayo. Viberiti vilitiwa ndani ya chupa ya dawa yenye kizibo, na sufuria za kambi zikafungwa kwa kamba. Vijiti vikavu vya mtarakwa, vinavyoshika moto hata siku ya mvua, vilifungwa ndani ya kipande cha ngozi. Shangazi alitengeneza nyirinyiri, nyama ya ngamia iliyokatwa vipande vidogo, ikakaangwa hadi ikakauka, ikahifadhiwa ndani ya samli. Baba alikuwa akisema, "Mlimani hujiandai kwa hewa unayoiona. Unajiandaa kwa zote."

Kisha akanipa kazi yangu mwenyewe. Alinieleza kwamba huko juu maji ni baridi ya kukata vidole, na udongo wote ni tope. Mtu akihitaji kutayamamu, atalipata wapi vumbi kavu na safi la kupaka usoni na mikononi badala ya kutawadha? "Nichekechee vumbi, Sahra mwanangu. Liwe laini kama unga. Ulishone ndani ya mfuko wa turubai, nilibebe kifuani."

Nilikuwa nimetoka tu kujifunza hukumu za udhu kutoka kwake, na nilijiona mwanachuoni. Nilichota vumbi mahali pasipopita mbuzi, nikalianika juani, nikalichekecha kwa chekeche ya unga. Shangazi alinikuta.

"Chekeche yangu hiyo?"

"Ni ya ibada, shangazi."

"Ibada. Basi kesho tutakula chapati za kutayamamu."

Nilimpelekea baba bakuli la vumbi kabla ya adhuhuri, nikitweta, nikingoja sifa. Alilitia vidole, akalisugua polepole, akaangalia pembeni. "Bado lina chenga," alisema. "Lichekeche tena kesho."

Kesho yake nilichekecha tena, mara hii kupitia kitambaa cha kilemba. Akalisugua. "Zuri. Lakini halijakauka vizuri. Lianike tena." Nilijificha nyuma ya tangi la maji nikalia. Niliamini mkono wangu hauna baraka, na kwamba baba angepotea kwenye ukungu kwa sababu ya uzembe wangu.

Mutua, Mkamba aliyefuatilia nyayo za wanyama na rafiki mkubwa wa baba, alikuwa akija kila asubuhi. Maandalizi yake yote yalikuwa blanketi moja aliloliviringisha akalitupia begani. Alisimama mlangoni akacheka.

"Hirsi, unakwenda kuwinda au unakwenda Hija?"

"Turubai bado halijanywa nta."

"Limekunywa mpaka limelewa. Bwana mkubwa anauliza kama nyati wapelekewe barua ya kuomba wasubiri."

"Mwambie kesho. Mtoto hajamaliza vumbi langu."

Mutua alinitazama, kisha akamtazama baba, na kicheko chake kikapungua. "Haya," alisema. "Kesho, rafiki yangu."

Nilimchukia Mutua kwa kejeli zake. Niliona ni yeye anayekwenda mlimani ovyo ovyo, na baba ndiye mwenye busara. Alasiri ile nilichekecha mpaka vumbi likawa linapeperuka kama moshi. Asubuhi iliyofuata baba alilisugua, akalirudia, akakaa kimya kwa muda mrefu kuliko siku zote. "Sasa limekuwa laini," alisema. Niliruka ruka kwa furaha. Nilishona mfuko haraka, nikamvalisha shingoni, na kabla jua halijachoma walikuwa wameondoka.

Sitaeleza sana siku za kungoja, kwa maana hakuna kilichotokea ndani yake. Uani palibaki alama ya mafuta yenye umbo la hema. Watoto wenzangu walinijia tucheze, nami nilicheza nusu nusu, uso wangu kwenye mlima. Ulifunikwa wakati wote. Siku waliyosema watarudi ilifika ikapita. Shangazi aliacha maneno makali, na hilo lilinitisha kuliko mawingu. Alianza kunisuka nywele bila mimi kuomba.

Baba alirudi alasiri moja, ndevu zimemwota ovyo, akikohoa. Mvua ya mawe ilikuwa imewafungia kambini, lakini hema halikuvuja, na wapagazi wote walirudi wazima. Nilimkumbatia miguuni. Kisha nikaushika mfuko kifuani pake, nikaona uzi wangu haujakatwa.

"Baba, hukutayamamu?"

"Maji yalikuwepo, mwanangu."

"Na baridi?"

"Tuliyachemsha."

Nilifurahi amerudi, lakini mfuko ule uliniuma. Kazi yangu yote ilikwenda mlimani ikarudi bila kufaa kitu. Hata hivyo msimu uliofuata aliniomba vumbi tena, na uliofuata tena, na kila mara vumbi la kwanza lilikuwa na chenga. Iliendelea hivyo mpaka serikali ya kikoloni ilipotangaza Hali ya Hatari na misitu ikafungwa.

Nilikuwa mzee hapa Saltley, mtaa wetu wa Birmingham, nilipoelewa. Kwa neema ya Mwenyezi Mungu nawasomesha kina mama fiqhi, yaani hukumu za ibada, katika sebule yangu, na tulikuwa tumefika mlango wa tayamamu. Nilikuwa nikiwaeleza kwamba mwenye kuhofia baridi, akiwa na maji na kuni za kuyachemshia, hana ruhusa ya kutayamamu. Msichana mmoja aliyekulia Eastleigh kule Kenya akauliza, "Na aliye juu ya mlima wenye barafu, bibi?"

Nilifungua kinywa kumjibu, nikanyamaza. Kuni za mtarakwa. Viberiti ndani ya chupa. Sufuria. Na mtu aliyevifunga vyote hivyo ndiye aliyenifundisha mlango huu, akijua kila neno lake. Wanafunzi wangu walidhani nimesahau hukumu. Niliwaomba waende wakatengeneze chai.

Baba hakulihitaji vumbi lile, na lilikuwa laini tangu bakuli la kwanza. Lilikuwa limepita kwenye chekeche ya unga. Kila chenga aliyoiona baba ilimpa siku moja zaidi ya kukaa uani nami, na Mutua aliliona hilo kabla yangu. Nami nilikazana nimalize upesi.

Mwanangu Abdi anafanya kazi Leicester. Tulikuja pamoja kutoka Uholanzi, tulikokwenda kwanza baada ya kutoka Kenya, kisha kazi ikamhamisha, na nyumba hii ikabaki kubwa. Alikuja Jumapili, akala, akanirekebishia bomba la jikoni, akasimama kuondoka. Nje kulikuwa na manyunyu. Nilimwambia koti lake halijakauka, aliache kidogo juu ya hita. Akaliacha. Akarudi kulichukua, nikamwambia mikono bado ina unyevu. Aliketi akatazama saa yake. Ni mtoto mwenye adabu, namshukuru Mungu kwa ajili yake.

"Mama, hebu lishike wewe," alisema hatimaye. "Kesho niko na kazi mapema."

Nililishika. Lilikuwa kavu, na lilikuwa kavu tangu mwanzo. Nikafahamu basi kwa nini baba alikaa kimya muda mrefu vile asubuhi ya mwisho, vidole vyake ndani ya bakuli na mimi mbele yake natamani aseme ndiyo. Katika maandalizi yale yote, hapo ndipo palipokuwa pagumu.

"Limekauka," nilimwambia. Nikalishikilia koti wazi ili atie mikono.