Mkono Umepona, Mwanangu Bado Yuko Mkiwa

Admin, jina langu baki nalo wewe mwenyewe. Nina miaka ishirini na saba, ni mke wa mtu, naishi Utemini hapa Singida na kazi yangu ni kupika chapati za kuuza asubuhi. Nina mtoto mmoja wa kiume, nitamwita Baraka ingawa siyo jina lake. Na wale wa kuanza na "mama gani wewe", pumzikeni kwanza. Hayo nimeshajiambia mwenyewe mpaka nimechoka.

Baraka alipokuwa mchanga nilianza kuumwa kifundo cha mkono wa kulia, upande wa kidole gumba. Nikimwinua kumnyonyesha, nikisukuma chapati, nikikamua nguo, maumivu yanapanda mpaka kwenye kiwiko. Mume wangu alikuwa anaugeuzageuza ule mkono na kuuangalia. "Mbona haujavunjika? Hata kuvimba haujavimba." Mama mkwe akaja kutoka kijijini kwao Mkiwa na mama mmoja mkandaji. Nikakandwa kwa maji ya moto na mafuta ya kondoo, kidole kikavutwa mpaka nikapiga kelele. Kesho yake hata kijiko sikuweza kushika.

Nilipoenda hospitali daktari alinieleza vizuri tu. Alisema kano za kidole gumba zimebanwa pale zinapopita, na kina mama wenye watoto wachanga wanapata sana kwa sababu ya kuinua inua mtoto. Akanipa kifaa cha kuvaa mkononi, akasema nipumzishe mkono, na nimbebe mtoto kwa kumwekea viganja chini yake badala ya kumkamata makwapani. Ikigoma, kuna sindano inayochomwa pale pale. Ikigoma kabisa, upasuaji mdogo. Kifaa nilivaa. Kupumzika, nani apike? Na sindano nikaikimbia, maana majirani walishanijaza maneno kwamba mkono utapooza.

Siku moja mchana mama mkwe alikuwa ametutembelea, mimi namtoa Baraka kwenye beseni. Maumivu yakapiga kama shoti ya umeme, mkono ukaachia. Mwanangu alianguka akapiga paji la uso sakafuni. Ile damu jamani. Jeraha halikuwa kubwa, alishonwa kidogo akapona, lakini sauti ya kile kichwa kwenye sakafu mimi naisikia mpaka leo nikiwa nasukuma chapati.

Mama mkwe ndiye aliyemwokota. Hakunigombeza, bora angenigombeza. Jioni, mume wangu akiwepo, alisema tu, "Mama Baraka, mimi nililima na hawa watoto mgongoni. Huyu naenda naye, huo mkono ukipona mtamfuata." Mume wangu akaangalia chini. Mimi nikajibu, "Sawa mama." Mtoto alikuwa bado ananyonya. Maziwa yaliniuma siku kadhaa, halafu yakakauka yenyewe.

Ndipo nikaenda kuchomwa ile sindano, nimejaa hasira. Nikaendelea na kifaa, nikaendelea na mazoezi. Na sasa ndugu zangu nawaambia ambacho hakuna mtu anakijua nyumbani kwangu: mkono umepona. Umepona zamani. Mume wangu akitoka kwenda kazini nakivua kile kifaa, nabeba ndoo ya lita ishirini kutoka bombani hadi jikoni, sisikii kitu. Akikaribia kurudi nakivaa tena.

Kwa nini? Jirani yangu aliniomba nimshikie kichanga chake dakika mbili tu. Mikono ilitetemeka, jasho likanitoka, nikamwambia mkono unauma. Dada wa mazoezi ya viungo hospitali alinisoma mapema. Aliniambia, "Mama, kano zako ziko sawa. Kinachokusumbua sasa ni hofu, na hofu nayo inatibiwa. Nenda ukaongee na mshauri, yupo hapa hapa." Nilifika mpaka mlangoni. Nikaona kwenye benchi kakaa mtu wa mtaani kwetu, nikageuza. Kesho ningekuwa kichaa wa Utemini.

Mwezi uliopita tulienda Mkiwa kumsalimia Baraka. Sasa anakimbia. Akajikwaa mbele yangu kabisa, hatua moja tu, nami nikabaki nimesimama na kifaa changu mkononi. Aliinuka mwenyewe analia, akanipita, akaenda kwa wifi yangu, anayekaa pale kwa mama mkwe, akisema "mama, mama". Wifi aliona aibu yeye badala yangu. Akaniambia, "Wifi, atazoea tu mkimchukua." Nikacheka. Sijui nilicheka nini.

Na mume wangu amebadilika, ndicho kinachonimaliza. Yule aliyesema hata haujavimba siku hizi anafua, anachota maji, ananiuliza nimelalaje. Wiki hii karudi na furaha: "Mama Baraka, kama sindano imegoma twende ukapasuliwe. Nimeshampigia mama, ukitoka tu hospitali tunamleta mtoto nyumbani." Nikaitikia. Jumatatu tunaenda kuonana na daktari.

Mnaelewa nilipofika? Nawaza kukaa mbele ya daktari niseme unauma, wanichane mkono usio na ugonjwa, ili nipate sababu ya kukaa muda mwingine bila kumshika mwanangu. Nikisema ukweli, mume wangu atajua kwamba miezi yote hii mtoto angekuwa hapa na mimi ndiye niliyemzuia. Mama yake atasema alijua tu. Na Baraka ataletwa na kuwekwa mikononi mwangu, analia anamtaka mama yake, na mimi natetemeka.

Nampenda mwanangu. Naomba mniamini hapo, hata kama hamtaamini kingine. Jumatatu haiko mbali, kwa hiyo nipeni neno. Msiniambie nisali, nasali. Wale mliowahi kuogopa mikono yenu wenyewe niambieni: mtu anaanzaje kumbeba mtoto wake?