Kabla ya Kuandika "Alifurahi"

Siku ile Mwalimu Kessy aliponirudishia madaftari yangu, mwanangu, naikumbuka mpaka leo. Nilikuwa karani wa miaka ishirini na mitatu, nimepanga chumba huko Wazo, Dar es Salaam, na nilikuwa nimemaliza riwaya yangu ya kwanza. Niliiandika kwa nafsi ya tatu, yaani msimulizi hasemi "mimi". Anasema "yeye", na anayajua ya wote. Nililipenda sana jambo hilo. Ujana nao una ulevi wake.

Riwaya ilimhusu msichana aliyelelewa na mama wa kambo. Usiniulize msichana ni nani. Mama wa kambo alikuwa Mama Neema, aliyenilea kule Chanika baada ya mama yangu kufariki, na nilipofika miaka kumi akanipandisha basi la Moshi niende kwa shangazi. Katika sura ya saba niliandika: "Basi lilipoondoka, mama yule alifurahi."

Mwalimu Kessy, mstaafu aliyenifundisha Kiswahili, hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alinikaribisha barazani kwake Mikocheni, akaitikia shikamoo yangu, akaweka kidole pale pale.

"Umejuaje kama alifurahi?"

"Mie ndiye mwandishi, Mwalimu."

"Sawa. Kwa baba umeingia moyoni, kwa binti umeingia, hata kwa yule mpangaji wa jirani. Kwa mama huyu umesimama mlangoni unarusha mawe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, binti. Nenda kamuulize."

Nilikasirika. Wiki nzima sikugusa kalamu. Lakini swali lile halikuniacha, na Jumamosi nikafunga safari ya Chanika, nimeazimia kutorudi bila jibu.

Nilimkuta Mama Neema uani, anachambua mchele. Nikamsomea sura nzima. Hakuinua uso mpaka nikamaliza.

"Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa na kifua kikuu," akasema. "Alinikataza kusema, aliogopa watu watamkimbia. Na sie tulikuwa na chumba kimoja. Ningekulaza wapi? Siku uliyoondoka nilifua mashuka yako. Yalikuwa safi, nilikuwa nimeyafua jana yake."

Nikalifunga daftari. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Niliiandika upya sura ile mara tatu. Sikumgeuza malaika, maana mkono wake ulikuwaga mwepesi, na fimbo mbili nilizozikumbuka nikaziacha humo humo. Nikarudi Chanika kumsomea. Akasema, "Hapo kwenye fimbo, zilikuwa zaidi ya mbili. Usinifiche."

Basi, mwanangu unayeandika, nafsi ya tatu si kiti cha hakimu. Imekupa ruhusa ya kuingia kwa kila mtu. Anza na yule unayemchukia. Kama hujui aliwaza nini, andika alichokifanya, uishie hapo. Kama unaweza kumuuliza, muulize angali hai, kwani kuuliza si ujinga. Na ukigundua umekosea, usione uvivu wala aibu. Futa, kaa chini, andika tena, hata ikiwa mara ya kumi.

Mungu akupe subira ya kazi hiyo, akupe na ujasiri wa kurudi pale ulipomdhulumu mtu, na hao utakaowaandika wakusome wakikutazama usoni.