Maua Yaliyovaa Jipo

Wacha nijicheke mwenyewe kwanza, maana nyinyi mtanicheka tu. Aibu hii nimeibeba tangu miaka ya vita hadi mvi zimeniota.

Wakati ule nilikuwa nalinda shamba la majaribio la stilo hapa Kindu, yale majani ya jamii ya maharage ambayo mbuzi wanayapenda kupita kiasi. Zilibaki aina mbili, ya Lubutu na ya Tunda, kiganja kimoja kimoja cha mbegu (nyingine wenye njaa walizipikia uji, Mungu awasamehe), na nilitaka kujua ipi inajizalisha yenyewe na ipi inangoja nyuki, kwa sababu inayongoja nyuki ingechanganyika na jirani yake ikapotea kabisa. Dawa yake ni kufunika maua kwa vifuko vya kitambaa chepesi, nyuki wasiingie, kisha usubiri. Na njia zote zimefungwa, vifuko vitatoka wapi? Nikaona kwenye kamba nyuma ya nyumba kinguo cheupe, nikajiambia ni cha mke wangu, kimechakaa, nikakipiga makasi.

Siku wakulima walipokuja kutazama, mama mkwe wangu, aliyekimbia vita Kampene akawa anaishi kwetu, naye akaja. Mimi naeleza kwa sauti ya profesa jinsi ua linavyojioa lenyewe, yeye kasimama mbele ya kifuko anatazama nakshi nyekundu aliyoidarizi kwa mkono wake. Jamani, kwetu mkeka wa mkwe tu hukalii, na mimi nimeivalisha mimea jipo yake, nguo yake ya ndani, mbele ya nusu ya mtaa!

“Mukwe,” akasema polepole, “hii njo jipo yangu. Toa yote sasa hivi.”

Nikapiga magoti kwenye matope, nikamwomba wiki mbili tu, maana nikifunua leo nyuki wataingia na kazi yote imekufa. Akachungulia kifuko kimoja, akaona vitumba vimeanza kuvimba.

“Iache imalize kuzaa,” akasema. “Kisha utaniletea mbuzi ya faini, na usinitazame usoni mpaka ifike.”

Mbuzi nilipeleka. Ya Tunda ndiyo iliyozaa yenyewe, bila nyuki. Ya Lubutu nikaihamishia ng’ambo ya mto, zote mbili zikapona. Nami nikaapa kamba ya nguo siigusi tena, hata mvua ikinyesha.

Juzi namsindikiza mama mkwe sokoni, mzee sasa, mwanamke mmoja akaniuliza kwa sauti kama bado nina mbegu za Jipo ya Mukwe. Nikasema sizijui.

“Iko nazo,” akasema mama mkwe. “Mupatie.”

Nikazitoa mfukoni, macho chini.