Sufuria ya Watu Saba

Fundi saa aliunguza wali kwa sababu alisahau saa. Cheka tu, mtaa mzima ulicheka kabla yako. Na si fundi saa yeyote, ni yule mwenye mvi wanayemwita Dakika, ambaye ukimwahidi kuja kuchukua saa yako saa nne, ukafika saa nne na robo, utakuta kakununia mdomo huo!

Mke wake alikuwa safarini wiki ya pili, amekwenda kumsaidia binti yao kitinda mimba aliyekuwa amejifungua. Kabla ya kuondoka alimwonyesha mumewe jikoni kila kitu, kijiko kwa kijiko, mpaka Dakika akachoka.

"Nenda, mama watoto. Mimi si mtoto mdogo. Kupika ni kuhesabu muda tu, na muda ndiyo kazi yangu."

"Haya. Tumia sufuria zote, ila hii usiiguse."

Hii ilikuwa sufuria kubwa ya alumini, pana, yenye mpini mmoja uliolegea, aliyoinunua mke mwenyewe kwa mshahara wake wa kwanza wa ushonaji. Watoto watano walilelewa kwa sufuria hiyo. Dakika akaapa hataigusa, na kwa siku kumi na mbili hakuigusa. Siku ya kumi na tatu, Ijumaa asubuhi, sufuria nyingine zote zilikuwa zimerundikana chafu kwenye beseni zikimtazama, na njaa ilikuwa inamuuma. Akasema moyoni, mara moja tu, nani atajua?

Akabandika wali, akaenda chumba cha mbele ambako ndiko karakana yake, akabana lenzi jichoni, akafungua saa ya mteja. Alipokuja kushtuka, moshi ulikuwa umemfuata mpaka mezani.

Lo! Chini ya sufuria wali ulikuwa umegeuka lami. Na mama watoto anarudi kesho mchana! Simu ikaita papo hapo, kana kwamba moshi umemfikia na yeye huko aliko.

"Baba watoto, umekula?"

"Nimeshiba mpaka basi."

"Na sufuria yangu haijambo?"

"Haijambo kabisa, inakusalimu." Akakata simu, jasho linamtoka.

Tusimwonee, mzee alijikaza kisabuni. Alimwaga maji na chumvi ndani, akaloweka, akakwangua kwa mwiko wa mti polepole ili asichubue. Kisha akachota jivu la jikoni, akalichekecha kwa kitambaa kama unga, akasugua kwa dodoki mpaka mabega yakauma. Kufikia saa sita ukoko ulikuwa umetoka wote, likabaki doa la rangi ya chai ukubwa wa kiganja. Mtu mwingine angeishia hapo. Lakini Dakika ni mtu wa saa, chembe moja tu ya vumbi inamnyima usingizi.

Ndipo fundi viatu wa jirani alipochungulia dirishani.

"Mzee, unaosha vyombo? Leo mvua itanyesha!"

"Acha maneno. Hili doa linatokaje?"

"Magadi! Chemsha na magadi nusu saa. Mama yangu alikuwa anasafisha birika lake hivyo, linang'aa mpaka unachania nywele."

Alichosahau kusema, au hakukijua, ni kwamba birika la mama yake halikuwa la alumini. Dakika akatia magadi, tena akaongeza kijiko kwa tamaa. Safari hii hakubanduka, alisimama na saa mkononi nusu saa kamili. Alipomwaga maji, sufuria yote ndani ilikuwa nyeusi kama tairi.

"Yarabi," akasema, akakaa chini sakafuni. Fundi viatu alitazama mara moja, akakumbuka kwamba ana viatu vya mtu vya kumalizia, akatoweka.

Mzee akabaki na sufuria mapajani. Aliogopa kweli, na si kelele alizoogopa, maana mke wake si mtu wa kelele. Aliogopa kumwona akiishika ile sufuria na kunyamaza.

Aliyemwokoa ni mama muuza mboga wa kona. Dakika aliibeba sufuria ndani ya mfuko ili watu wasimwone, akaifunua kidogo tu mbele ya meza ya nyanya. Mama yule akajishika kiuno kwa kicheko.

"Nani kakwambia magadi kwenye alumini, kaka yangu? Magadi huipaka weusi, kitu kichachu huutoa. Chukua ukwaju huu, na hizi ndimu zilizoanza kukauka. Jaza maji mpaka juu kabisa, uzichemshe zote, maganda na yote."

Akachemsha. Maji yakaanza kutokota, na mbele ya macho yake weusi ukaanza kuachia, kwanza pembeni, kisha chini, mpaka alumini ikatokea nyeupe pee. Mzee alipiga ukelele, fundi viatu akarudi mbio akidhani kaungua.

"Si nilikwambia itang'aa?" akasema yule mtu bila aibu.

Sasa Dakika alikuwa amepandwa na mori. Alitoa unga wa chaki anaosugulia vifuniko vya saa, na kitambaa chake laini, akaipiga sufuria msasa nje na ndani. Akaukaza mpini kwa skrubu mpya. Kilichomsumbua ni alama moja sugu ya kahawia, nyembamba, iliyozunguka ukuta wa ndani katikati ya kimo. Hiyo ilikataa ukwaju, ikakataa chaki. Akashika nusu ya ndimu iliyochovywa chumvi, akaisugua peke yake saa nzima na ushee, mpaka ikasalimu amri. Jioni ile alikula mkate mkavu, akiitazama sufuria, akitabasamu peke yake.

Kesho yake mchana mke akaingia, mizigo mkononi, picha za mjukuu kwenye simu, furaha tele. Wakacheka, wakabishana pua ya mtoto ni ya nani. Kisha akaingia jikoni, na Dakika nyuma yake.

Akaishika sufuria. Akainamisha shingo ndani. Akanyamaza.

"Mama watoto, niliiunguza kidogo tu. Lakini ona, imekuwa kama mpya!"

"Mstari wangu uko wapi?"

"Mstari gani?"

"Mstari wangu wa maji." Akapitisha kidole pale palipokuwa na alama. "Miaka thelathini nachemshia maji hapa. Yakifika kwenye mstari, namimina vikombe sita vya mchele, watu saba wanashiba. Sijawahi kupima kwa kingine."

Dakika akahesabu: watoto watano, na wao wawili. Saba. Mtoto wa mwisho aliondoka miaka sita iliyopita, na miaka sita yote yeye anakula kiporo kila asubuhi, analalamika kila asubuhi, hajawahi kuuliza.

"Kwa hiyo kile kiporo..."

"Nikipunguza, naona kama nimewafukuza," mke akasema.

Mzee akakunja mikono ya shati. Akafanya kazi, maana kazi anaijua. Akachukua jagi, akaanza kumimina maji ndani ya sufuria taratibu.

"Niambie pakifika."

Mke akatazama maji yanavyopanda. Akafuta jicho kwa upindo wa kanga. "Bado... bado... hapo."

"Hapo ni watu wawili?"

"Watu watatu na mtoto mdogo. Binti yetu amesema atakuja naye akitimiza miezi mitatu." Akaanza kucheka, na Dakika akapumua kwa mara ya kwanza tangu aingie jikoni. Mbio akaenda karakana, akarudi na kisindano chake cha chuma.

"Nikuchoree hapo hapo, mstari ulionyooka!"

"Thubutu! Ukikwaruza sufuria yangu tutakosana. Mstari hauchorwi, mzee. Mstari unapikwa."

"Unachukua muda gani?"

"Ule wa kwanza? Kama miaka kumi mpaka ukaonekana vizuri."

Dakika akaitazama saa ya mkononi, akaweka kisindano mezani, akatafuta kiberiti.

"Basi tuwashe moto sasa hivi," akasema. "Tunachelewa."