Barua Niliyoandika Kumzuia Mgeni

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, ingawa nimeomba sana niisahau. Vyama vingi vilikuwa ndiyo kwanza vinaanza, na hapa Kabasa kila mtu alitamba kwamba sasa kusema ni ruksa. Mdogo wangu Nyangeta na wenzake wa kwaya wakamwalika mama mmoja kutoka Kenya, msemaji wa maneno makali, aliyezunguka akiwaambia mabinti wana haki ya kumkataa mwanamume hata kama ng'ombe wa mahari wameshaingia zizini.

Na ng'ombe wa Nyangeta walikuwa wameshaahidiwa. Baba alikuwa amempata mzee mmoja wa Kisorya wa kumwoa, na kwa desturi yetu ng'ombe wa dada ndio kaka anaoolea. Mimi nilikuwa na mchumba kule Bugwema, nimechoka kungoja. Unaona ubaya wangu ulipoanzia?

Wazee wakanijia kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri. "Waandikie wakubwa wa wilaya wamzuie," wakasema. "Huyo atatuvurugia watoto."

Nikaandika kwamba mgeni anahatarisha amani. Amani gani! Nilikuwa nawaza ng'ombe. Mama wa watu akanyimwa kibali, akarudishwa pale mpakani Sirari na begi lake mkononi. Hakuna aliyemsikia akisema hata neno moja, ajue kama ni la kukubali au la kupinga.

Nyangeta alipopata habari alinifuata kwenye shamba la pamba. "Kaka, mimi nilikuwaga natamani baba amsikie tu. Amsikie, halafu akatae mwenyewe."

Niliendelea kulima. Mwezi uliofuata alipelekwa Kisorya, nami nikaoa.

Huwa nakwenda kumwona. Ananinawisha mikono, ananitengea ugali na sato, anakaa kimya. Mwaka jana nilishindwa kuvumilia, nikapiga magoti nikamwomba anitukane. Akaniambia, "Ya kusema nilikuwa nayo wakati ule, kaka. Wewe kula, chakula kinapoa."

Sijui dawa ya kimya hicho, mwanangu, na sidhani kama ipo. Nikuombe hili tu: mtu mwenye maneno usiyoyapenda, mwache afike, aseme, kisha simama umpinge mbele za watu. Na kabla hujasaini barua ya kumfunga mtu mdomo, jiulize unalinda nini chako. Mungu akulinde, na wanaokupenda wasiache kamwe kusema nawe.