Kibao Chekundu cha Basi Namba Sita

Nilikuwa dukani kwa muuza vipuri, nimeshika paipu mpya ya breki ya basi namba sita, basi namba sita lilipopita mbele ya duka limejaa watoto.

Soma tena taratibu. Paipu ninayo mimi mkononi. Basi liko barabarani.

Muuza vipuri akanitazama. "Fundi, si umeniambia gari limelala gereji?"

 Nilikuwa nimeshatoka mbio na viatu vyangu vizito vya kazi, napiga kelele, "Simamisha! Simamisha!" Watu wakadhani nimeibiwa.

Kichekesho ni kwamba nilikuwa namwambia dereva asimamishe gari ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelifungua breki.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo ili mnielewe.

Mimi ni fundi wa magari ya shule. Mabasi kumi na moja, pikapu moja ya jikoni, na gari dogo la mwalimu mkuu ambalo kila Jumatatu lina ugonjwa mpya. Miaka tisa nimelala chini ya magari hayo. Najua lipi linavuja, lipi linakohoa asubuhi, na lipi dereva wake anakanyaga klachi kama anaua nyoka.

Kazi hii nilitafutiwa na baba mkwe wangu. Yeye ndiye alikuwa dereva wa namba sita. Shule nzima ilimwita Mzee Polepole, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbiza gari. Miaka ishirini na sita kwenye usukani, hajagonga hata kuku. Wazazi walikuwa wanakwenda ofisini kuomba watoto wao wapangwe kwenye basi lake.

Sasa, gereji yetu ina sheria moja kubwa. Gari likiwa na ubovu wa hatari, fundi anatundika kibao cha bati chekundu kwenye usukani. Upande mmoja kimeandikwa USIWASHE. Upande wa pili ni kitupu. Aliyekitundika ndiye anayekiondoa, hakuna mwingine, hata awe mwenye shule.

Sheria nzuri kabisa. Tuliiharibu wenyewe.

Meneja wetu wa usafiri alikuwa anagawa safari kama njugu. Jumamosi safari, Jumapili safari, sikukuu safari. Madereva wakachoka. Wakaanza kunijia mmoja mmoja. "Fundi, nipumzishe leo, mgongo umegoma."

Ukitundika kibao, gari halipangiwi safari, dereva anapumzika. Basi nikawa natundika kwenye magari mazima.

Lakini tulijiona wajanja. Meneja hapandi basi hata siku moja. Yeye anapita kwa mbele na kuchungulia kiooni. Kwa hiyo kibao cha uongo tulikigeuza: maandishi yanatazama kioo ayaone meneja, upande mtupu unamtazama dereva. Kibao cha kweli, maandishi yanamtazama dereva. Madereva wote walijua, meneja hakujua, na tulicheka sana kwenye chumba cha madereva.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Asubuhi nilikagua namba sita nikakuta paipu ya breki za nyuma imeliwa na kutu, inavuja. Nikaifungua. Ili mafuta yasiendelee kumwagika, nikaziba kwa kipande cha mpira na kukifunga kwa waya. Breki ya mkono nayo nikailegeza, maana ilinizuia kufika kwenye paipu. Nikachungulia juu, kibao kipo kwenye usukani. Nikanawa mikono, nikaenda dukani.

Huku nyuma, basi namba tatu likakataa kuwaka. Watoto ishirini na nane walikuwa uwanjani na nguo za michezo, wanasubiriwa shule nyingine kwenye mashindano. Meneja anafoka, mwalimu anatazama saa, watoto wanalalamika. Mzee Polepole akasema, "Acheni kelele, nitawapeleka mimi."

Akaenda gereji, akaondoa kibao. Akawasha.

Ule mpira ulishika getini. Ukashika kwenye kona ya kwanza. Akapita mbele ya duka nikiwa nimeduwaa, na kwenye mteremko wa pili ukachomoka.

Nilipofika, basi lilikuwa limeegemea ukuta wa mawe kandokando ya barabara. Baadaye walioona walisema alilisugua ukutani makusudi, hatua mia nzima, upande wake yeye wa dereva, mpaka likasimama. Chini ya mteremko ule kuna soko.

Watoto walikuwa wanalia, lakini wote walikuwa wamesimama kwa miguu yao. Mmoja alivunjika mkono. Mhudumu wa basi, mama mmoja ambaye watoto wanamwita Shangazi, alichanika paji la uso. Baba mkwe alikuwa bado amekaa kwenye kiti chake, mguu wa kulia umebanwa na mabati.

Akaniuliza, "Wangapi wameumia?"

Mimi, badala ya kumjibu, nikasema, "Baba, kibao hukukiona?"

Akanitazama. Alinitazama muda mrefu, watu wakihangaika kumtoa.

"Nilikiona, mwanangu."

"Na ukakiondoa?"

"Nilikiondoa."

Jamani, hasira niliyopata siku ile sijawahi kuipata tena. 

Baada ya wiki mbili tukaitwa kikaoni. Mwalimu mkuu, meneja, wazazi wawili na ofisa wa usalama barabarani. Baba mkwe aliletwa na magongo. Wakaniuliza mimi kwanza.

Nikasimama nimenyooka. Nikasema kibao kilikuwepo. Nikasema sheria iko wazi. Halafu, kwa kuwa nilikuwa na uchungu na niliona wazazi wananiitikia kwa kichwa, nikaongeza kitu ambacho hakuna aliyeniuliza.

"Huyu mzee ameshachoka. Asiguse usukani tena maishani mwake."

Huyu mzee. Sikusema baba. Mtu aliyenipa binti yake, akanitafutia na kazi.

Ofisa akamgeukia. "Mzee, una la kujitetea?"

"Sina. Nilikiona kibao nikakipuuza. Fundi hana kosa."

Wakamnyang'anya leseni, wakamfukuza kazi akiwa amebakiza miezi saba astaafu. Mimi nikapongezwa kwa kufuata utaratibu. Nilipigiwa makofi, na niliyapokea.

Nyumbani moto ukawaka. Mke wangu ni mtoto wa pekee wa yule mzee. Lakini alikuwa ameona picha za basi, na alikuwa amenisikiliza mimi kila jioni nikisimulia. Siku baba yake alipokuja kuwasalimia wajukuu, mke wangu hakumkaribisha ndani. Aliongea naye mlangoni.

"Baba, ulitaka kuua watoto wa watu. Na ungemfungisha baba wa wanangu. Kwa nini hukumsikiliza?"

Mzee akasema, "Nimekosea, mama." Akageuka na magongo yake, akaondoka. Mimi nilikuwa sebuleni nawasikia, na ndani ya moyo wangu nilisema amestahili.

Tangu siku ile mke wangu hakukanyaga kwa baba yake. Simu hapokei. Watoto wakiuliza babu yuko wapi, anawaambia wamalize kazi za shule.

Miezi minane ikapita hivyo.

Siku moja tukaletewa dereva mpya. Nikawa namwelekeza, na mimi kwa kujisikia sijambo. Nikamwonyesha kibao. "Hiki usikiguse. Kuna mzee mmoja hapa alijifanya anajua, akakigusa. Muulize mtu yeyote kilichompata."

Shangazi alikuwa anafagia ndani ya basi la jirani. Ana kovu mpaka leo, limekata nyusi. Akaweka ufagio chini.

"Fundi, hebu njoo."

Nikamfuata nyuma ya gereji. Alikuwa anahema.

"Nimekuvumilia sana. Leo umenishinda. Siku ile mimi nilikuwa nimesimama hapo karibu na mlango wa basi. Nilikiona kibao. Nikamwambia mzee, kuna kibao hapo. Akacheka. Akaniambia, 'Hicho ni cha mkwe wangu, ananihurumia goti. Si unaona kimenipa mgongo?'"

Sikuelewa. Au nilielewa haraka mno, sijui.

"Maandishi yalikuwa yanatazama kioo, fundi."

 Nikakaa juu ya tairi.

Alhamisi. Siku moja kabla ya ajali, goti la mzee lilikuwa limevimba. Aliona aibu kuniomba, basi mimi mwenyewe nikamtundikia kibao cha uongo apumzike. Ijumaa asubuhi nikafungua breki, nikachungulia juu, nikaona kibao kipo, nikaridhika. Sikukigeuza. Kumbe nilikuwa nimemwachia mzee wa watu ujumbe kwamba gari ni zima, na yeye aliusoma vizuri kabisa kama nilivyomfundisha.

"Kwa nini hukuja kusema kikaoni?" nikamuuliza Shangazi, kama vile kosa sasa ni lake.

"Alinikataza. Tulikuwa wodi zinazotazamana. Alijikokota mpaka kitandani kwangu akaniambia, 'Binti yangu anakula kwa mkono wa yule kijana. Mimi nimeshamaliza safari zangu. Nyamaza.'"

Siku hiyohiyo nikaenda kwake. Anakaa chumba kimoja, nje ana benchi. Mguu ulikuwa haujapona, umevimba na kubadilika rangi. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia marahaba kama vile nilikuwa naenda kila siku.

"Baba, ulijua tangu lini?"

"Breki zilipokatika. Nilijua palepale, kabla hata sijagusa ukuta."

"Na ukaniacha niseme vile mbele za watu?"

"Ningefanyaje? Niseme tulikuwa tunadanganya na vibao? Wangekufunga wewe. Wale wajukuu wangu wangelelewa na nani?"

Nikalia. Nililia kwa sauti mtu mzima mimi, na yeye akaniacha nilie. Nikamwambia nitakwenda kwa mwalimu mkuu, nitasema yote, arudishiwe leseni yake. Akatikisa kichwa.

"Leseni naifanyia nini na mguu huu? Mwanangu, mimi nataka kitu kimoja tu. Binti yangu aje anisalimie. Umwambie wewe. Mimi nikimwambia ataona nakuchongea."

Nikamshika mikono. "Leo hii, baba. Leo hii namwambia."

Nikafika nyumbani. Mke wangu alikuwa anapiga pasi sare za watoto. Akaniuliza, "Mbona macho mekundu?"

Nikasema vumbi la breki.

Kesho yake nikasema nitamwambia Jumapili. Jumapili kulikuwa na wageni. Wiki iliyofuata mtoto aliumwa. Kisha mke wangu akawa na furaha siku mbili tatu, nikaona nisimharibie. Sababu hazikunipungukia hata siku moja. Kila siku nilimwona ananipakulia, ananisifia kwa majirani kwamba mume wake ni fundi makini, na nilimeza chakula na maneno yake pamoja.

Miezi mitano. Sitanii.

Halafu ikaja habari kwamba mguu wa mzee umeoza, watamkata. Aliyepiga simu ni jirani yake. Mke wangu akasikiliza, akanipa simu. "Nenda wewe. Mimi yule bado sijamsamehe."

Hapo ndipo nikaongea. Niliongea nimesimama jikoni, nikasema yote, kibao, Alhamisi, Ijumaa, Shangazi, benchi la baba yake. Hakunikatisha hata mara moja. Nilipomaliza akazima jiko.

"Siku ulipomsema baba mbele za watu, ulikuwa unajua?"

"Sikujua. Naapa."

"Na ulijua lini?"

Nilitamani kusema jana. Midomo ilikuwa tayari. Lakini nikasema ukweli.

"Miezi mitano."

Akakaa chini sakafuni, palepale.

"Kibao ulisahau. Mtu husahau, hilo ningekusamehe leo leo. Lakini miezi mitano nimemnyima baba yangu salamu, na wewe unaniangalia?"

 Akafunga nguo zake na za watoto, akaenda hospitali.

Kesho yake nilikwenda kwa mwalimu mkuu na meneja, nikaungama kila kitu. Mnajua walinijibu nini? Meneja alifunga mlango, akasema faili lile lilishafungwa, wazazi walisharidhika, na habari za vibao vya uongo zisisikike nje ya ofisi ile. "Rudi kazini, fundi." Kwa hiyo kwenye karatasi zao Mzee Polepole ndiye mzembe, na mimi ndiye mfuata utaratibu. Hata kufukuzwa nimenyimwa.

Mzee walimkata mguu chini ya goti. Mke wangu ndiye anayemwogesha, anayemlisha, anayemsomea magazeti. Juzi nilikwenda kumwona. Yeye alinyoosha mkono akafurahi, "Karibu, mwanangu, kaa." Mke wangu akanyanyuka, akanipisha kiti, akatoka nje na hakurudi mpaka nilipoondoka.

Mzee anamwambia kila siku arudi kwa mumewe. Hataki.

Najua hapo chini mtaandika "pole fundi." Msinipe pole. Kama mnataka kuchukua kitu kwenye habari hii, chukueni hiki. Yupo mtu mahali fulani amebeba lawama yako kwa sababu anakupenda. Unamjua, umeshamkumbuka unaposoma hapa. Usimsubirie Jumapili. Mimi nilipewa msamaha bure siku ile ile pale kwenye benchi, na kilichotakiwa kilikuwa sentensi moja tu nyumbani kwangu. Nikaikalia, na sasa naisema kwa nyumba tupu na hakuna anayenijibu.